Pikapu ya Mirathi

Baada ya mirathi ya marehemu baba yetu kugawanywa, sisi ndugu watano pamoja na mama tulikubaliana kuunganisha sehemu zetu tununue pikapu iliyotumika, yenye uwezo wa kuvuta tela. Shamba letu la mpunga liko upande wa Majimoto, nasi tunaishi Mpanda mjini. Kila msimu, nauli ya mzigo ilikula sehemu kubwa ya mavuno kabla hayajafika nyumbani. Hata hivyo hatukufanya haraka, kwa kuwa wadogo zetu wawili walikuwa hawajabaleghe. Fedha yao ilikuwa amana mikononi mwetu, na mali ya yatima haichezewi bahati nasibu.

Gari la kwanza tulilooneshwa lilikuwa la milango minne, rangi mpya, viti safi. Fundi tuliyefuatana naye alilala chini yake kabla hata ya kufungua boneti. Gari la kuvuta, alitueleza, halichaguliwi kwa uso wake. Kwanza hukaguliwa chasisi, hasa pale nyuma inapofungwa ndoano ya tela. Kisha klachi, difu, springi na rejeta, kwani hivyo ndivyo huumia kwanza mzigo unapopanda mlima. Chini ya ile rangi mpya tulikuta chasisi iliyopasuka ikachomelewa. Muuzaji hakuwa ametaja neno.

La pili lilikuwa Hilux ya kabini moja, injini ya dizeli ya 3L, gia za mkono, bodi imechubuka. Mwenyewe, mzee wa makamo, alituanza yeye: klachi imekaribia kuisha, na difu inavuja mafuta. Alituachia tuiwashe injini ikiwa baridi tuutazame moshi, kisha tukalipandisha gari mlimani likiwa na mzigo. Tulikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Mzee huyu alikuwa ameuweka unyevu wake juu. Tulikadiria gharama ya matengenezo, naye akaipunguza katika bei kwa ridhaa yake.

Hapo jamaa mmoja alitushauri tukope kwa riba tupate Land Cruiser ya injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Ni kweli, kwa njia za kwetu gari hilo lina sifa zake. Mama alituuliza swali moja tu: "Wanangu, tela lenu litabeba magunia mangapi?" Tukajibu, kumi. "Basi mnakopa nguvu ya kubebea nini?" Mjadala ukaishia hapo. Kwa mzigo wa kiasi hicho Hilux yatosha, maadamu tela lina breki zake lenyewe.

Tuliandikiana mkataba mbele ya mashahidi, kama Suratul Baqara, aya ya 282, inavyotuelekeza kuandika madeni na kushuhudisha mauziano. Mle tuliandika kasoro zote mbili, na sehemu ya kila mrithi, wadogo wakiwemo. Kisha tukabadilisha umiliki wa kadi bila kuchelewa.

Tangu hapo tumejiwekea kanuni. Magunia mazito hukaa mbele kidogo ya ekseli, ili takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iilalie ndoano. Mzigo ukizidi nyuma, tela huyumba na kulivuta gari nje ya njia. Kati ya Kibaoni na Sitalike barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, penye simba na viboko. Hapo hatupiti usiku, wala hatuondoki bila kukagua breki.

Kila baada ya mavuno tunaketi na daftari, mama akisikiliza, na faida ya wadogo zetu inatengwa kabla ya yetu. Yeyote miongoni mwa wasomaji anayekusudia kununua gari kwa mali ya wengi, tunamuusia aanze na daftari hilo, ndipo amwite fundi. Allah atujaalie kuwa wenye kutimiza amana.