Kupanda bila kukimbia

Sisi wenye tulitoka Kivu, kilima tulikijua kama njia ya kutoroka. Ulipanda usiku, godoro kichwani, mtoto mgongoni, na haukuangalia nyuma. Kwa hiyo tulipofika Kampala, mji wa vilima, wenzetu wakasema Jumapili tupande Muyenga kwa kujifurahisha tu, tulicheka. Nani anapanda mlima bila kufukuzwa?

Lakini tulienda. Nauli hatukuwa nayo, ila miguu haidai nauli. Kutoka Nsambya tulipita Kabalagala, kandambili zikiteleza, mpaka juu kwenye matangi ya maji. Tukaliona Ziwa Victoria, Nalubaale kama Waganda wanavyoliita, limetulia. Mmoja akauliza, "Sasa tunafanya nini?" Tukamwambia: tunapumzika.

Siku zile za mwanzo zilitufundisha hilo: kufika juu, kugeuka, na kuangalia ulikotoka bila kutetemeka. Baadaye tukapanda Kololo, Namirembe, Rubaga. Sasa tunaota Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita palepale: mguu mmoja huku, mwingine nyumbani.

Kama wewe ni mgeni hapa mjini, njoo Jumapili. Viatu vyovyote vinatosha.