Barua ya Chuo Usichokiomba

Ikiwa una mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne, huenda nawe umepokea bahasha ya chuo ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekiomba nafasi.

Januari 2025 nilikuwa nyumbani Mayoni, kwa kaka yangu. Nilimkuta chini ya mwembe, barua mkononi. "Dada, msichana wetu amepata chuo. Diploma ya uuguzi!" Barua ilitaka Sh9,500 katika muda wa siku saba, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Kwetu kwenye miwa ng'ombe ndiye benki, na tayari mtamba wake alikuwa amepata mnunuzi.

Nikashangaa. Msichana alipata D+, na diploma ya uuguzi huhitaji wastani wa C. Niliisoma barua mara mbili. "Kutokana na matokeo yako mazuri," ndivyo ilivyoanza. Lakini tarehe iliyopigwa juu ilikuwa ya Desemba, ilhali matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa Januari 9, 2025! Tena bahasha ilipitia sanduku la posta la shule. Nani aliwapa majina ya darasa zima? Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, lakini hilo tuliache.

"Chuo kimesajiliwa, nambari si hii hapa?" kaka akasisitiza.

Ni kweli, kilikuwa kimesajiliwa. Hapo ndipo wazazi wengi hunaswa. Mamlaka ya TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, husajili chuo, na kozi nazo zinahitaji kibali chake. Chuo chaweza kuwa halali kabisa kwa ushonaji na kompyuta, kisha kikatangaza uuguzi. Kwa uuguzi kuna Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo lina orodha ya vyuo lililoviidhinisha. Chuo hicho hakikuwamo. Anayesomea mahali pasipoidhinishwa hawezi kufanya mtihani wa baraza hilo wa kupata leseni, na bila leseni hawezi kuajiriwa kama muuguzi. Hebu fikiria, miaka mitatu ya karo, na mtamba ameshaliwa zamani!

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, usiulizie chuo tu, ulizia kozi. Nani ameiruhusu? Mtihani wa mwisho unatoka KNEC, KASNEB, CDACC, au unatungwa na mwalimu wa hapo hapo?

Nisiwe mkali kupita kiasi. Wiki hiyo ilikuja bahasha nyingine, ya chuo kidogo cha ushonaji na upishi. Hicho hakikutaka hata shilingi. Kilimwomba msichana aje na mzazi, aone madarasa, abebe na matokeo yake. Barua ya namna hiyo sioni kosa lake.

Kaka hakunisemesha hadi chakula cha jioni. Msichana ndiye aliyeniuma moyo. "Senje," aliniuliza tukiosha vyombo, "sasa mimi nitakuwa nini?" Nilimweleza kwamba kwa D+ anaweza kuanza na cheti, kisha apande hadi diploma. Hakujibu.

Baadaye aliomba mwenyewe, kupitia KUCCPS, kozi ya cheti kule Sigalagala. Mtamba yuko zizini bado. Ile barua ya uuguzi msichana amekataa kuitupa. Ameihifadhi ndani ya Biblia yake.