Mvera Ilinitisha kwa Kitu Sicho

Ntasema mapema msije mkanirushia viatu: Mvera naiheshimu. Ni filamu ya Kiswahili, imetengenezwa huku kwetu Pwani na Daudi Anguka, steringi ni Linah Sande, na mwaka wa 2023 ndiyo Kenya iliyoichagua kupeleka Oscars upande wa filamu za kimataifa. Haikuingia kwenye orodha ya mwisho, sawa, lakini ilifika mbali. Heshima yake nimeshaitoa. Sasa tuongee ukweli.

Stori yenyewe, na kama hupendi kuhadithiwa basi rudi ukishaiona: Mvera ni msichana wa kijijini, maisha yamembana, na ndoto yake ni kwenda ng'ambo kutafuta. Wapo watu wanaoahidi kazi huko nje. Kumbe nyuma ya hizo ahadi kuna biashara ya viungo vya binadamu, na yeye ndiye anayekuja kuigundua.

Kilichonifurahisha kwanza ni kile ambacho sikukiona. Mwajua vile Pwani huonyeshwa kwenye skrini. Ama ni ufuo, watu wa Nairobi wamekuja kupendana na kuachana huku sisi tukipita nyuma yao na madafu. Ama ni jini, mwanamke mzuri, manukato, miguu ya mbuzi, kwisha. Mvera imechukua msichana wa huku ikampa shida ambayo watu wa huku wanaijua: hamu ya kwenda. Ukitoka hapa Tononoka kwa miguu hadi Mwembe Tayari, hesabu karatasi zilizobandikwa ukutani. Saudia, Qatar, Dubai, tiketi bure, hakuna masomo yanayohitajika. Kwa hivyo nilipoikaa kuitazama, nilijua wameshika kitu chetu.

Niliiona kwa shangazi yangu, usiku, sahani ya viazi vya karai katikati na ukwaju pembeni. Nilikuwa na daftari langu la makosa, mwajua mimi: sauti, mwanga, nani anaigiza na nani anasoma maneno. Shangazi naye ana binti yake Saudia, kazi za nyumbani, mwaka wa tatu huu. Mimi namwita dada kwa sababu tumelala kitanda kimoja tangu utotoni.

Ilipofika pale siri inapoanza kufichuka, shangazi hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Isimamishe kwanza hiyo, mamangu. Nipigie mwenzio."

Nikapiga. Haishikwi. Nikatuma sauti. Tiki moja. Saa za Riyadh na za Mombasa ni zile zile, kwa hivyo hata huwezi kujidanganya kwamba huko kumekucha ama bado. Tukakaa tunaiangalia ile tiki moja ya kijivu kwa makini kuliko tulivyoiangalia filamu. Viazi vikapoa. Karibu saa nane za usiku ndo ikaingia sauti yake, ya kunong'ona: "Nyinyi mna nini? Wageni ndo wametoka saa hizi. Nilikuwa naosha vyombo."

Nikamweleza tulikuwa twaangalia nini. Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeziba mdomo. Akasema, "Mwambie mama figo nnazo zote mbili. Paspoti ndo sina."

Daftari nikalifunga. Kosa kubwa la Mvera lilikuwa limeshatajwa na mtu ambaye hajaiona hata treila.

Skizeni, sisemi biashara ya viungo haipo duniani. Ipo. Na hiyo hofu mtaani yasemwa, kila mwili ukirudi kwenye sanduku watu hunong'ona. Lakini filamu ikichagua figo, inachagua adui rahisi. Mtu anayepasua watu awauze vipande ni shetani, na shetani hana kwao. Ukitoka hapo unajua nani mbaya, na unalala vizuri kwa sababu si wewe.

Ejenti tunayemjua sisi hana kisu. Ni kijana wa mtaa, msikitini yuko mstari wa mbele, mamake alikuwa akitupa mahamri tukitoka madrasa. Hata uongo wake si mkubwa, ni nusu tu ya maneno. Atakwambia mshahara. Hatakwambia kwamba viza yako imefungwa kwa mwajiri, ndo ule mfumo wa kafala, na kwamba ukitoka kwenye hiyo nyumba bila ruhusa wewe ndiye mwenye makosa. Hatakwambia kwamba Saudia ilipolegeza masharti hayo Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Na akishakusindikiza, anarudi anaendelea na maisha, mnakutana na mamake sokoni mnasalimiana.

Baada ya ejenti tuko sisi. Ile runinga tuliyoitazamia Mvera, inchi 43, imetundikwa ukutani imependeza, dada ndiye aliyeinunua. Karo ya mdogo wake, yeye. Bando ninayopandishia video zangu, mwezi ambao mambo yamekaza, mara nyingine ni yeye pia. Filamu ya figo haina njia ya kuniuliza kuhusu hiyo runinga. Filamu ya paspoti ingeniuliza, tena usoni.

Najua kuna atakayesema, "Wewe wataka filamu ya mtu kuosha vyombo? Nani atalipa kuona hiyo?" Nina majibu mawili.

La kwanza ni The Goat Life, ya Blessy, ya mwaka wa 2024, kwa Kimalayalam jina lake ni Aadujeevitham. Sisi watu wa Mombasa picha za Kihindi tumelelewa nazo, lakini hii haina kucheza mvuani. Najeeb anatoka Kerala, kazi yake ilikuwa kuzamia mchanga mtoni, anaenda Saudia kutafuta. Uwanja wa ndege anachukuliwa na mtu asiyemjua, anapelekwa jangwani kuchunga mbuzi na ngamia. Basi. Hakuna anayemuuza vipande. Hajui Kiarabu, hana maji ya kuoga, na hakuna mtu wa kumwambia yuko wapi. Prithviraj, anayeigiza Najeeb, amekonda mpaka unamwonea huruma yeye mwenyewe, sio mhusika tu. Na hadithi yenyewe imetoka kwenye riwaya ya Benyamin, iliyojengwa juu ya mambo yaliyompata mtu kweli.

Makosa inayo. Ni ndefu, saa tatu kasoro kidogo, na zile ndoto za nyumbani, mto na mke na mvua, zimepakwa asali kupita kiasi. Pia Waarabu wake karibu wote ni wakatili, na kwa sisi tulio na ndugu na damu upande huo inakera. Mwisho ndo anatokea mmoja na gari lake anayemwokota barabarani, na wallahi hicho kipande kifupi kilinishika kuliko vipigo vyote, kwa sababu hatimaye mtu alimwona Najeeb ni mtu. Pamoja na hayo, ile picha ina mbuzi na mchanga tu, na sikuweza kuondoka kwenye kiti.

La pili ni la zamani, msikimbie. La Noire de..., ya Ousmane Sembène wa Senegal, mwaka wa 1966, nyeusi na nyeupe, kama saa moja hivi. Diouana, ameigizwa na Mbissine Thérèse Diop, anatoka Dakar kwenda Ufaransa akidhani ataangalia watoto kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Akifika inakuwa ni kupika, kufagia, kuosha, na Ufaransa yote anayoiona ni ile anayoiona dirishani. Hakuna anayemkata kitu. Kuna kipande barua ya mamake inafika, yeye hajui kusoma, bosi anamsomea, halafu anaanza kumwandikia jibu ambalo yeye hajalisema. Diouana anaichana ile barua. Mimi hapo nilisimama. Nimeona filamu za kutisha kibao, hakuna iliyonibana kifua kama kuona mtu akiandikiwa maneno yake mwenyewe na anayemtesa.

Kuanzia hapo mambo yanaharibika, Diouana anajitoa uhai, na bosi anapeleka sanduku lake na mshahara wake Dakar kwa mamake. Mama anakataa kuzishika zile pesa. Mwaka wa 1966 Sembène alikuwa ameshauliza lile swali la runinga ya inchi 43.

Na sisi stori zetu zipo, tena za kwenye kumbukumbu za serikali. Mwaka wa 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliiambia kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa kama miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Sababu iliyoandikwa kwa wengi ni kwamba moyo ulisimama. Wizara yenyewe ikasema haiingii akilini vijana wengi hivyo wote wafe kwa moyo. Hebu fikiria filamu inayoanza na familia ya Kisauni ama Majengo ikiwa na hiyo karatasi mkononi, "moyo ulisimama", na mama akiuliza kila ofisi: moyo wa mtoto wa miaka 24 husimama vipi? Hapo hauhitaji figo. Hauhitaji hata muziki.

Mniruhusu niseme langu, kwa sababu ndilo linalonifanya nisinyamaze. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imekwama, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa swali: "Una paspoti?" Aliyeniuliza ananipenda, wallahi, alikuwa ananitafutia njia. Fomu nilichukua. Ipo bado, ndani ya kabati, chini ya leso. Sasa mtu kama mimi akiitazama Mvera anatoka na somo gani? Kwamba nisiende na watu wa figo. Sawa, siendi nao. Huyu kijana wa mahamri je? Yeye si wa figo, basi niende? Filamu ilinitahadharisha na hatari ambayo mtu wa mtaani kwangu hawezi hata kunitajia, ikaniacha wazi kwa ile anayonitajia kila wiki.

Ndo maana sikubali ile tabia ya kusema, "Ni yetu, tuipongeze tu." Kumpongeza mtu kwa sababu ni wa kwenu ni kumwona mtoto. Wala sikubali wale wa "local ni local tu", wanaozima baada ya dakika kumi kwa sababu kamera si ya Hollywood. Mvera ilinifanya nisimamishe filamu nimpigie dadangu simu. Hiyo ni nguvu, wengi wenye pesa nyingi hawana. Nguvu hiyo ndo nataka ielekezwe pale panapouma.

Kwa hivyo wenye kamera wa Mombasa, Kilifi, Lamu, ombi langu ni hili. Nipeni filamu ya usiku mmoja. Chumba kimoja, mama, binamu, sahani ya viazi, na simu yenye tiki moja. Upande wa pili, jikoni kwa watu, msichana anaosha vyombo vya wageni na simu yake imefungiwa kabatini. Dakika tisini. Hakuna anayekufa. Mwisho tiki zinakuwa mbili, na mama anauliza, "Umekula?" Nani hapa mtaani hataielewa?

Alama zangu, kama kawaida. Mvera: 6 kwa 10, na naomba waliotengeneza waendelee. The Goat Life: 8. La Noire de...: 10, na msiniambie ni nyeusi na nyeupe. Shangazi hakutoa alama. Hata mwisho wa Mvera hakuuona, kwa sababu tangu ile saa nane alikuwa ameshika simu anamsikiliza mwanawe akieleza wageni walikuwa wangapi.