Katika Duka Dogo la Morogoro

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro, mwendo wa karibu kilometa 200, huiona milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto kabla hajauona mji. Mawingu hulala juu ya kilele cha Bondwa, na vijito hushuka kati ya migomba mpaka mabondeni. Maji ya milima hiyo huingia katika mto Ruvu, nao watu wa Dar es Salaam huyanywa. Mtu aweza kuyanywa maisha yake yote asijue yatokako.

Sisi walimu wawili tulikuwa tukirudi shuleni kutoka Mgeta, nchi ya baridi ilimwayo kabichi na karoti. Tulipofika mjini mvua ikatushika, tukakimbilia duka dogo liuzalo vitu vya zawadi. Mwenye duka, mama mtu mzima, akatukaribisha. Dukani mlikuwa na vikapu vya ukindu, mikeka, shanga, na vinyago vya simba na tembo na twiga. Nyuma ya twiga palikuwa na kinyago cha panya, kimejaa vumbi. Tukakicheka, tukasema, "Mama, nani atampelekea mwenziwe zawadi ya panya, mwizi wa mahindi?"

Naye akacheka, akajibu, "Walimu, hicho hata bei yake hakuna aliyeuliza."

Kumbe nyuma yetu walikuwa wamesimama wageni wawili, mzee na mkewe, wamelowa kama sisi. Tukawaamkia, "Shikamooni." Mzee akaitika, "Marahaba, wanangu." Kisha akamwomba mama ampe yule panya, akamfuta vumbi kwa leso yake, akampa mkewe, naye akampakata kama mtoto.

Tukaona haya, tukamwuliza habari zake. Akatuambia kwamba wao ni watu wa Msumbiji. Kiswahili alijifunza utotoni, wazazi wake walipokimbilia Tanzania wakati wa vita vya uhuru. Sasa hukaa jimbo la Gaza, kwao mkewe. Vita vya baadaye, vilivyokwisha mwaka 1992, viliacha mabomu ardhini.

"Shamba la baba mkwe lilikaa miaka mingi bila jembe," akanena. "Mtoto wa shemeji yangu alikwenda kuokota kuni, akarudishwa amebebwa, mguu mmoja hana. Hata siku moja wakaja watu wenye panya wakubwa waliofungwa kamba. Nasi tukacheka, kama ninyi. Tulipoambiwa kwamba panya hao wamefundishwa Morogoro, nikasema, kabla sijafa nitauona mji huo."

Ndio panya buku, wafundishwao na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine tangu mwaka 2000. Panya huyu hunusa baruti, wala hashughuliki na vyuma vitupu. Ni mwepesi, hata akikanyaga bomu halilipuki. Akilitambua hukwaruza udongo, apate ujira wake wa ndizi. Wenziwe hunusa makohozi ya wagonjwa, wakatambua kifua kikuu. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena mabomu yajulikanayo, kwa kazi ya watu wengi na panya hawa pamoja.

Mzee hakutaka kupunguziwa bei. Mama akamtia panya katika kikapu kidogo cha ukindu, akakataa kabisa kupokea thamani ya kikapu. Mke wa mzee hakujua Kiswahili. Akamshika mama mikono yote miwili, wakatazamana kimya. Mvua ikakatika, wageni wakaenda zao, nasi hatukuuliza hata majina yao.

Ndugu wasomaji, shule yetu i karibu na chuo hicho, wala hatukupata kuwasimulia watoto habari hizi, mpaka mgeni kutoka mbali alipotufunulia mambo ya nyumbani kwetu. Sasa twawasimulia. Juzi mtoto mmoja alituuliza, "Mwalimu, na shamba lile la Msumbiji lilipandwa nini?"

Tukamjibu kama mzee alivyotujibu mlangoni: "Mahindi."