Moshi, Mji Unaokodisha Joto

Moshi ni mji wa joto. Uko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na ikifika saa sita mchana lami inawaka, akina mama wauza ndizi wanahamishia mabeseni kivulini, na Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kilichoonekana cheupe asubuhi, kimeshajifunika mawingu. Katika joto hilo ndipo lilipo duka nililokwenda kulitazama. Limejaa makoti ya baridi kutoka sakafuni hadi darini.

Harufu ya mpira wa soli inakupokea mlangoni. Halafu inakuja ya sabuni ya unga, na chini yake ile ya vumbi la mlimani ambalo sabuni haijalimaliza. Upande wa kulia yananing'inia majaketi ya manyoya ya bata, yamebanana kiasi kwamba ukitaka kulitoa moja lazima usukume mengine kwa bega. Upande wa kushoto ukuta mzima ni mabuti, namba 36 chini kabisa, namba 47 juu karibu na bati. Katikati kuna mapipa ya plastiki: glavu, mizula, soksi nene, fimbo za kutembelea, taa za kuvaa kichwani. Nafasi ya kupita inamtosha mtu mmoja. Wawili wakikutana, mmoja anarudi nyuma.

Sehemu kubwa ya mali hii ni mitumba. Imechaguliwa kwenye marobota ya soko la Memorial, si mbali na hapo, ambako koti lililoshonewa theluji ya Ulaya linaweza kukutwa limelala kati ya mashuka na sare za shule. Nguo nyingine zimeachwa na wapandaji walioshuka wakaona hawana sababu ya kuzirudisha kwao. Nguo hizi zinapanda mlima, zinashuka, zinafuliwa, zinapanda tena. Nyuma ya duka kuna ua wenye kamba za kuanikia, na siku hiyo mabegi ya kulalia yalikuwa yamefunika kamba zote. Binti mmoja alikuwa akiyapitia taratibu kwa viganja, anapapasa, anafinya, anatawanya. Manyoya yakilowa hugandamana vidonge, na penye kidonge pembeni yake pana tundu lisilo na kitu, ambamo baridi itapita usiku. Alikuwa akivitafuta vidonge hivyo kimoja kimoja.

Mwenye duka ni mwanamke wa makamo, kanga kiunoni juu ya suruali, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Wateja wote wanamwita Mama. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akanisahau, nikapata nafasi ya kuona kazi yake.

Waliingia vijana watatu wa chuo kutoka Dar es Salaam, wachangamfu, simu mkononi.

"Shikamoo Mama. Naomba kuliona lile jekundu."

"Marahaba mwanangu. Rangi tutachagua mwisho. Mnapanda njia gani?"

"Machame. Siku saba."

"Ndani utavaa nini?"

Kijana akashika tisheti yake. Mama akaigusa kwa vidole viwili. "Pamba hii ikinywa jasho haikauki huko juu. Itakaa mwilini na ubaridi wake. Hii iache hotelini."

Hakumuuzia maneno mengine. Alishusha nguo nyepesi za kubana mwili, sweta la kitambaa chepesi chenye manyoya, jaketi la bata, na koti la mvua la kuvaa juu ya vyote. Lile koti alilitandaza mezani, akachota maji kwa kikombe, akayadondosha begani. Matone yakasimama, yakabingirika, yakaanguka sakafuni. Akachukua la pili, akadondosha: maji yakatulia, yakaacha doa jeusi. Hilo akalitupa kwenye beseni la kufanyiwa matengenezo bila kusema neno. Kufua kwa sabuni ya kawaida huharibu hali ya kitambaa cha namna hii kukataa maji, na lazima kitiwe dawa yake upya.

Kwenye begi la kulalia alimwita binti aliyekuwa miongoni mwa wale vijana watatu, akamwonyesha lebo iliyoshonewa ndani. Zilikuwapo namba mbili za baridi. "Ya kwanza ndiyo yako," alimwambia. "Ya pili ni ya mtu anayelala amejikunyata anangoja kuche." Katika vipimo vinavyotumika Ulaya ndivyo ilivyo hasa: namba ya kwanza ni ya kulala kwa starehe, ya pili ni mpaka wa kustahimili. Maduka mengine hapa mjini humtajia mteja ile ya pili, kwa kuwa inasikika kubwa. Kambi ya Barafu, wanakolala kabla ya kilele, iko mita 4,673. Kila mita 1,000 unazopanda zinaondoa nyuzi kama 6 za joto, na kileleni, mita 5,895, usiku unaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri. Mtu aliyedanganywa namba dukani anakuja kuujua ukweli usiku, peke yake, mbali na huyo aliyemdanganya.

Mabuti yalichukua muda mrefu kuliko vyote. Mama hutazama kwanza soli ya kati, lile povu gumu lililo kati ya ngozi na meno ya chini. Anaibonyeza kwa kidole gumba, kisha anakunja buti mpaka ncha ikaribie kisigino. Buti lililokaa kabatini miaka mingi laweza kung'aa kama jipya huku povu hilo limeshaoza kwa unyevu wa hewa. Linatembea siku moja, mbili, halafu soli inabaki njiani. Moja lilitoa ufa mwembamba mbele ya macho yetu. Lilikuwa zuri, kamba bado nyekundu. Akalikata kwa kisu palepale, asije msaidizi akalirudisha ukutani kwa bahati mbaya.

Yaliyofaulu yalivaliwa juu ya soksi nene, na kila kijana akapandishwa kwenye ubao mpana ulioegemezwa ukutani kama mteremko. "Shuka. Piga teke mbele." Kidole kikigusa ncha, namba inaongezwa. Siku ya kilele wapandaji wa njia hiyo hushuka karibu mita 2,800 hadi kambi ya Mweka, na mwenye buti fupi huacha kucha huko. Walitoka baada ya saa nzima na zaidi. Jaketi jekundu lilibaki pale pale. Halikumtosha mtu.

Jioni aliingia kijana mmoja, mwembamba, miguuni raba zilizochanika pembeni. Alisimama mlangoni. Mama akamtambua kabla hajasema.

"Mgumu?"

"Ndiyo Mama. Tunaondoka kesho asubuhi."

"Kaa mwanangu."

Wagumu ndio wanaobeba mahema, vyakula, meza na mizigo ya wageni. Kanuni ya hifadhi inamwekea kila mmoja kilo 20, na mizani iko getini. Miguu inayobeba uzito huo ina haja zaidi ya buti kuliko miguu ya mwenye begi dogo la maji. Nilisogeza kigoda nione atapewa nini. Alipewa ubao uleule. Shuka, piga teke, namba ikaongezwa. Soli ilibonyezwa kwa kidole kilekile. Bei ya kukodi ikaandikwa daftarini, ailipe akishuka, maana malipo ya mgumu huja safari ikiisha.

Jaketi alilikataa. Alisema sweta lake linatosha, na sote watatu tulijua anapiga hesabu. Mama hakubishana naye. Aliingia ua wa nyuma, akarudi na jaketi kuukuu la bata ambalo zipu yake ilikwisha kufa na mahali pake pameshonewa vifungo vikubwa vya koti la kike. Akavijaribu kimoja kimoja, vyote vikashika. "Hili halikodishwi," alisema. "Lirudishe tu."

Nimehudumiwa vizuri katika maduka mengi yenye viyoyozi na tabasamu, lakini sijaona huduma inayoizidi ile. Wala haitoshi. Jaketi moja la vifungo haliwezi kuwavika wote wanaobeba mizigo ya wageni, na kazi hiyo haipaswi kuachiwa huruma ya mwenye duka. Wewe unayepanga kupanda, ukimaliza kujaribu buti lako, iulize kampuni uliyoilipa: nani amekagua soli za wagumu wangu, na usiku wa Barafu watajifunika nini? Uliza mkiwa bado mjini Moshi, maduka yakiwa wazi.