Maharagwe, Kamba na Picha ya Bibi Lamu

Ukitaka kuijua kamera yako, ipeleke Lamu. Mji huo mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo punda mwenye mzigo hukubana ukutani. Nje jua ni kali. Ndani ya nyumba, kuta nene za mawe na dari za boriti hukuingiza gizani ghafla.

Giza hilo lilinitia hasara mwaka 2018. Nilimpiga babu picha akiwa ndani, mkono ukanitikisika, uso wake ukatoka kama moshi. Mwaka uliofuata babu akaaga dunia, na picha yake ya mwisho ni hiyo.

Niliporudi kumtazama bibi niliapa kutorudia kosa. Lakini nauli ya basi kutoka Nairobi ilikuwa imekwisha kunikausha mfuko. Stendi ya kamera ningeinunua kwa nini? Basi nikaingia jikoni.

Kwanza, nilikata mguu wa suruali kuukuu, nikautia maharagwe nusu kilo na kushona ncha zote mbili. Ukiweka kamera juu yake, maharagwe hujipanga na kuishika isitikisike. Katika mashua ya kuvukia kutoka Mokowe haukunifaa, kwani injini hutetemesha kila ubao. Juu ya ukuta wa gati, hata hivyo, nilipata picha safi ya majahazi wakati wa magharibi.

Maji ya chumvi ni adui wa kamera. Niliifunika kwa kofia ya plastiki ya kuogea, nikatoboa tundu la lenzi.

Vichochoroni, stendi ya miguu mitatu ingewazuia wapita njia. Nilifunga kamba kwenye bolti ya robo inchi, ambayo huingia katika tundu lililo chini ya kamera nyingi. Unaiachilia kamba hadi chini, unaikanyaga, kisha unaivuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Mkono hutulia ajabu.

Jambo moja lakini halitengenezwi jikoni, nalo ni adabu. Lamu usimlenge mtu kamera kabla ya kumwomba, hasa akina mama.

"Shikamoo bibi. Naomba nikupige picha."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ngoja nijitande leso. Na hilo limwangaza lako silitaki, laniumiza macho."

Flashi nikaizima. Nikamketisha penye kivuli kando ya kiwanda, ule ua wa ndani usio na paa, mwanga ukampata upande mmoja. Upande wa pili binamu yangu alishika kipande cha katoni nilichokibandika foili ya jikoni. Foili hiyo niliifinyanga kwanza, kisha nikaikunjua, ili mwanga urudi kwa upole usimchome bibi. Kamera ikalala juu ya maharagwe. Nikamwambia atulie, nikabonyeza.

Kila kunyanzi lilionekana, na tabasamu lake pia. Nilisafisha nakala mbili: moja yake, moja ya ukuta wetu Nairobi, kando ya ile ya babu yenye ukungu.

Basi msomaji, usingoje kununua vifaa vya ghali huku wazee wako wakizidi kuzeeka. Bibi naye, alipoiona picha, aliuliza jambo moja tu: "Na hayo maharagwe tutayapika lini?"