Panorama ya tufe na hesabu ya chungwa

Wiki mbili hizi nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Ila kuna kitu nimejifunza Kaole, nimeona nisikae nacho peke yangu.

Mnamjua mwenzangu wa chumbani, yule wa akiolojia. Risechi yake ya mwaka wa tatu ni kuweka kumbukumbu ya magofu ya msikiti wa Kaole, kule kusini mwa mji wa Bagamoyo, kwa panorama za tufe. Yaani picha moja inayoonyesha pande zote, juu mpaka chini, kama vile umesimama mle ndani. Kilichomsukuma ni Beit al-Ajaib ya Zanzibar. Jengo la mwaka 1883, sote tuliozaliwa tumelikuta limesimama, halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka. Jamaa akasema hasubiri Kaole nayo ianguke ndipo aanze kutafuta picha.

Basi tukakodi kichwa cha kamera chenye mota, siku moja tu. Hela ya bumu hiyo jamani! Kichwa kinageuza kamera chenyewe, lakini lazima ukiambie mapema: geuka nyuzi kadhaa, inua kadhaa, piga. Hesabu nikaachiwa mimi.

Ukiwa na lenzi ya jicho la samaki, picha nne zinatosha kuzunguka. Tatizo ukivuta karibu huoni jiwe, unaona ukungu. Yeye alitaka kila jiwe la tumbawe lionekane, kwa hiyo tukachukua lenzi ya milimita 50. Kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, kamera ikisimama wima, inaona kama nyuzi 27 kwa upana na 40 kwenda juu. Kila picha iilalie jirani yake kama theluthi moja, ili programu ya kuunganisha (tunatumia Hugin, ya bure) ipate alama za kufananisha. Ikatoka picha 20 kwa mzunguko, safu 7. Jumla 140.

Lakini hebu chukua chungwa. Mzunguko wa katikati ni mkubwa, wa karibu na kikonyo ni mdogo. Kwa nini upige picha 20 kote? Kosaini ya nyuzi 54 ni kama 0.59, kwa hiyo safu ya huko inatosheka na 12. Nikapanga hivi: 20 katikati, 18 kwenye nyuzi 27 juu na chini, 12 kwenye 54, na 6 kwenye 81. Hapo mwisho kosaini inakwambia 4, ila ukiifuata kichwa kichwa pembe za picha zinaachia matundu. Jumla 92.

Kwa sekunde 5 kila picha, 140 ni karibu dakika 12, na 92 hazifiki 8. Utasema dakika nne ni nini? Ndani ya dakika 4 jua linahama nyuzi 1. Kivuli cha ukuta kinatembea, wingu linahama, mtalii anaingia na mwavuli.

Hapo tukabishana karibu usiku mzima. Safu zikiwa sawa, unaweza kupiga nguzo kwa nguzo, juu mpaka chini ndipo usogee. Majirani wote wanapishana sekunde chache, na pengo kubwa la muda linabaki pale tu mwisho unapokutana na mwanzo. Safu zikitofautiana, inabidi uende safu kwa safu, na jirani wa juu anapigwa dakika moja na nusu baadaye, au zaidi. Umepunguza picha, umeongeza mishono!

Tulichokubaliana: anza na safu ya katikati na inayofuata chini yake, mahali penye kuta na vivuli, wakati hakuna mtu. Anga iwe mwisho, wingu likikatika halimuumizi mwanaakiolojia. Na kila mzunguko uanzie kwenye ukuta mtupu ulio kivulini, mshono ufichwe hapo.

Kwa hiyo wadau, mota haikupangii kitu. Kuijaza tufe ni rahisi. Kazi ni kuamua muda upasuke wapi. Sisi tumekubali upasuke angani, mihrabu ibaki ya dakika moja.

Haya, kesho kipindi saa moja asubuhi. Mwenye stendi nzito ya kuazimisha, chumba mnakijua.